Siku Askofu Mkuu Alipoanua Matanga Yetu

Mwanangu Wanjala,

Mama yako anapiga pasi suruali yako ya pili na amenifukuza mezani ili apate pa kukunjia mashuka. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kitanda chako, karatasi nimeiweka juu ya sanduku. Mambo ya sabuni, soksi na dawa ya malaria ameshakuambia, tena kwa kurudia, na mimi sitayagusa. Wala sitakuambia usali. Huko seminari watakuamsha kwa kengele usali, utake usitake.

Ninachotaka kukuandikia ni habari za Askofu Mkuu, kwa sababu yeye ndiye anayekuchukua kesho, ingawa amelala kaburini tangu mwaka jana. Ulipokuja kuniambia kwamba unataka upadri nilikuuliza sababu, ukasema, "Nataka kuwa kama yeye, baba." Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali, ukatoka nje, na vijana wa plot tunayopanga wakaanza kukuita Fada siku hiyo hiyo. Katika nyumba hii tumezoea kusoma ukimya wa mwenzetu na kuuelewa vibaya. Usiku huu sitaki uondoke na ukimya wangu badala ya jibu.

Kwanza nikuambie ninachopoteza, usije ukasikia kwa shangazi zako kwa maneno makali zaidi. Dada zako wameolewa, mmoja Myanga na mwingine Malakisi, na watoto wao ni wa maboma mengine. Kaka yako Simiyu hayupo. Umebaki wewe. Jina la babu yako Khaemba lilikuwa linamsubiri mtoto wako wa kiume. Ukiwa padri litakosa wa kulibeba, na shamba letu la mlimani, juu ya Cheptais, ambalo sasa tunalo katika kumbukumbu tu, litakosa hata mtu wa kulidai. Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima na sijapata upande wake mzuri. Hata hivyo sikukatazi. Mtu aliyefukuzwa kwake hana mlango wa kusimama ili amzuie mwanawe asitoke.

Wewe ulimjua Askofu Mkuu akiwa mzee mwenye mikono inayotetemeka. Mimi nilimjua akiwa padri kijana, paroko wetu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wewe ulipokuwa mtoto wa mgongoni. Mimi nilikuwa katekista wake. Alikuwa mtu wa Malakisi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, na alikuwa akisema kwamba akisikia harufu ya tumbaku inayokaushwa anasahau Kilatini chote. Walimpeleka seminari ndogo kabla hajaota ndevu. Kutoka hapo alikwenda seminari kubwa, na kutoka hapo Roma. Alirudi nyumbani akiwa mgeni mwenye lugha ya mama.

Njia yake ya kufanya kazi haikuwa ya mapadri wengine. Akifika kwenye kigango alikuwa haendi moja kwa moja kanisani. Anaegesha pikipiki, anaingia jikoni kwa watu, anaomba kiti kifupi, kisha anavuta ungo wa mahindi na kuanza kupukuchua pamoja na wenye nyumba. Mara ya kwanza akina mama walikimbilia kumnyang'anya. Yeye alisema mikono yake haina kazi nyingine. Watu wakipukuchua mahindi hawatazamani usoni, kila mtu anatazama hindi lake, na maneno yanatoka yenyewe. Yeye alikuwa halazimishi. Mtu akimaliza kusema, Padri anachukua hindi jingine na kuuliza, "Na kingine?" Mtu anaongeza. "Na kingine?" Kwa njia hiyo alijua mlimani kwetu nani anampiga mkewe, nani amehamisha alama ya mpaka wa shamba, nani hajala. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote walivyoniachia mapadri wa kwanza, vingine mara kadhaa, na sikukuta katika kitabu chochote jambo la maana kama lile swali lake.

Siku moja tulikuwa tunashuka kutoka kigango cha juu, mvua ikatukuta, tukajisitiri chini ya paa la duka lililofungwa. Hapo akaniambia jambo ambalo nililibeba miaka mingi bila kujua uzito wake. Baba yake alifariki yeye akiwa Roma. Habari zilimfikia wakati mzee ameshazikwa. Akasema, "Katekista, mimi sijawahi kuona kumuse hata moja. Ya baba ilinipita, na za wazee wengine zilifanyika nikiwa shule."

Na wewe hujaiona, mwanangu, kwa hiyo lazima nikueleze. Kwetu, mzee mwenye wajukuu akifa na kuzikwa, siku chache baadaye watu wanakusanyika katika boma lake mwenyewe. Wanaume wanakaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, katikati inaachwa njia. Anakuja mzee wa ukoo wenye kazi hiyo, amevaa joho la ngozi, ameshika fimbo. Anatembea katika ile njia, anakwenda na kurudi, anawataja waliokufa, anawafariji walio hai na kuwaambia waishi namna gani. Hakuna anayekohoa ovyo. Akimaliza anaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna anayemwita, hakuna anayesimama kuongeza neno. Watu wanatawanyika papo hapo. Matanga yameanuliwa, na jambo la kifo hicho halizungumzwi tena mbele za watu.

Baadaye Padri alichukuliwa akafanywa askofu, kisha askofu mkuu wa jimbo lililo mbali na kwetu. Siku ya habari hizo akina mama waliimba mpaka sauti zikakauka. Mzee Wepukhulu, rafiki wa babu yako, alisema sasa tutapukuchua mahindi yetu wenyewe.

Kisha ukaja mwaka wa siasa ya vyama vingi. Majirani zetu wa juu, ambao tulikuwa tukiazimana nao fahali na kukaa nao benchi moja kanisani, wakaanza kupita bila kuitikia salamu. Wakubwa walikuwa wakifanya mikutano, na baada ya kila mkutano salamu zilipungua. Walipokuja kuchoma, walianza na nyumba za juu. Wewe na mama yako mlifichwa kwenye ghala na mama mmoja wa upande ule ule uliotuchomea, na ninakuomba usimsahau. Mimi na Simiyu tulimshusha babu yako kwa miguu. Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa Bungoma, ambako watu walikuwa wamejaa hata kwenye ngazi, hakuwa akisema tena. Akafa pale.

Tulimzika Bungoma, katika makaburi ya manispaa. Kutoka hapo tulihamishiwa kambi ya watu waliofukuzwa, na huko nilimwendea mzee wa kumuse, naye alikuwa kambini kama sisi, amelala chini ya karatasi ya nailoni. Alinisikiliza kwa heshima na kukataa. Alisema kumuse husemwa katika boma la marehemu, na marehemu wetu hawana boma. Si babu yako peke yake. Wazee wengi walikufa msimu ule, na wote walikosa. Basi matanga yakabaki wazi. Wajane hawakunyoa nywele. Watu walikuwa wanakula uji wa msaada wakiwa bado matangani, na waliendelea hivyo miezi kwa miezi. Mtu asiyejua desturi angedhani ni uvivu au ugonjwa.

Hapo ndipo Askofu Mkuu alipokuja kutuona. Alikuja kama mwana wa nyumbani, si kama mwenye jimbo. Aliniita pembeni ya gari lake na kuniambia anachotaka. Angesoma Misa kwanza, kisha angetaka watu waseme. Alitaka kila mtu aeleze hadharani alichoona na alichofanyiwa na nani, naye angekipeleka kwa wakubwa, na asingeondoka kwenye ofisi zao mpaka wasikie. "Nimekuja kusikiliza," aliniambia. Aliniomba pia nimpe majina ya wazee waliofariki ili awaombee. Nikampa. La baba yangu nililiweka mwisho.

Misa ikaisha. Mawingu yalikuwa yanashuka na baridi imeingia, kwa hiyo hakuvua joho, na fimbo yake ya kichungaji alibaki nayo mkononi. Watu walikuwa wamekaa kama tukaavyo kanisani, wanaume kulia, wanawake kushoto, katikati njia aliyopita nayo maandamano. Askofu Mkuu akashuka kutoka altareni na kuingia katika njia ile. Akaanza kusema kwa lugha ya mama. Akamtaja marehemu wa kwanza, akaeleza alivyomjua, jikoni kwake palikuwaje. Akafika mwisho wa njia, akageuka, akarudi, akamtaja wa pili.

Nikaona wazee wanavua kofia. Nikaona Mzee Wepukhulu analaza bakora yake chini na kuinamisha kichwa. Mama mmoja alimziba mtoto wake mdomo. Nikaelewa kinachotokea, na katika uwanja mzima nadhani mimi peke yangu nilielewa pande zote mbili. Wao walijua kwamba mtu wa kwao, mwenye joho na fimbo, amekuja hatimaye kuwasemea wafu wao. Yeye hakujua. Hajawahi kuona. Alikuwa anatembea kwa sababu miguu yake ilikuwa na baridi.

Ingetosha nimsogelee nimnong'oneze, Baba Askofu, keti. Angeketi. Kiti kilikuwepo. Lakini alikuwa amebakiza majina machache, na la mwisho lilikuwa la baba yangu. Nilisimama pale nikamngoja alifikie. Alipolifikia alisema kwamba Khaemba alimfundisha kuuma punje kujua kama hindi limekauka, na mimi nikalia kama mtoto, na mzigo niliokuwa nao tangu Bungoma ukashuka. Sitakudanganya kwamba sikushukuru.

Alipomaliza alisimama mwisho wa njia akasema, "Sasa nataka nyinyi mniambie."

Wazee wakainuka. Wakavaa kofia zao na kuondoka, hakuna aliyegeuka. Wanawake wakafuata na watoto wao. Uwanja uliokuwa umejaa ukabaki na nyasi zilizolala na sisi wawili. Alinigeukia. "Katekista, nimewakosea nini?"

"Hujakosea, Baba Askofu," nikamwambia. "Wamechoka. Waache wapumzike."

Jioni hiyo kambi ilikuwa na utulivu ambao hatukuwa nao tangu kufika. Mzee Wepukhulu alicheka kwa mara ya kwanza. "Ati kijana wa Malakisi," alisema, "tulidhani Roma imemmaliza. Si mmeona, bana? Hata pa kugeukia amepajua." Asubuhi wajane walinyolewa. Watu walilala usingizi. Simiyu aliniuliza kama sasa tumemaliza kulia, nikamwambia ndiyo.

Askofu Mkuu alikwenda kwa mkuu wa wilaya, nami nikafuatana naye. Yule bwana alikuwa na swali moja, nalo aliliuliza kwa adabu: je, watu wamemtaja mtu yeyote? Askofu Mkuu hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisema, "Niliwauliza hadharani. Hakuna aliyesema." Mkuu wa wilaya akatabasamu na kusema basi hata kanisa limeshuhudia kwamba wananchi hawana kinyongo, na kilichobaki ni warudi mashambani mwao. Askofu Mkuu alianza kusema kwamba si hivyo, lakini hakuwa na cha kushika. Alikuwa amekwenda na mikono mitupu.

Mimi nilirudi kambini mbio nikamwomba Mzee Wepukhulu akaseme. Nilimwambia ukweli, kwamba Askofu hakujua, kwamba ile haikuwa kumuse. Alinitazama kama anayemtazama mlevi. "Baba yako amesemewa, amelala," alisema. "Unataka nimwamshe nimzike tena?" Niliwaendea wengine. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, lakini jibu lilikuwa lile lile. Haikuwezekana kulifungua jambo hilo tena. Na mimi mwenyewe, ningeitwa kusema, sijui kama ulimi ungekubali.

Malori yakaletwa. Askofu Mkuu alisimama langoni akabariki kila moja, na alipofika kwenye letu alishika mkono wa Simiyu na kumwambia asikose kwenda shule. Wewe hukuwemo. Ulikuwa umepelekwa Myanga kwa dada yako kwa ajili ya darasa, na hiyo ndiyo sababu uko hai kuisoma barua hii.

Tulirudi juu tukajenga vibanda kwenye majivu. Tukapanda. Yule mama aliyewaficha alituletea mbegu jioni, kwa kificho, akaondoka haraka. Mahindi yalikuwa yanatoa ndevu walipokuja mara ya pili. Hawakuchoma tu safari hiyo.

Hujawahi kuniuliza Simiyu alikufaje. Ulipoletwa kutoka Myanga hadi hapa Kitale tulikokimbilia ulitukuta watu wawili, ukatuhesabu kwa macho, ukaenda kuchota maji. Mama yako alisema una moyo mgumu. Mimi nilijua kwamba umeona nyuso zetu na kudhani jambo limeshafungwa, halisemwi.

Ulipita muda mrefu kabla Askofu Mkuu hajatupata Kitale. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kufagia kanisa na kutunza kabati la vitabu, kazi niliyo nayo hadi leo. Alikuja bila joho, bila fimbo, shati la kawaida limejaa vumbi. Wewe unakumbuka siku hiyo, kwa maana aliweka mkono juu ya kichwa chako, na nadhani hapo ndipo wito wako ulipoanzia. Lakini mama yako alikutuma dukani, na yaliyofuata hukuyasikia.

Aliketi kwenye benchi letu akauliza, "Kwa nini hawakuniambia?"

Nikamwambia, "Ulikuwa umeshamaliza, Baba Askofu."

Hakuelewa. Ndipo nikamweleza yote: njia ya katikati, joho, fimbo, majina, kugeuka. Nilimweleza taratibu kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa komunyo ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mimi nilijua, palepale, siku ile. Nikasema nilijua. Akauliza mbona sikumwambia.

"Ulikuwa hujafika kwa baba yangu," nikasema.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alikaa akitazama sakafu ya udongo, mzee kuliko miaka yake, na nikafikiri jinsi mtoto aliyechukuliwa Malakisi mapema ili awe mtumishi wa watu alivyokuja kuwatumikia watu bila kujua wanafungaje vilio vyao. Hakuna aliyekosea kumpeleka shule. Hakuna aliyekosea kuvua kofia. Nimelizungusha jambo hili miaka yote hii nikitafuta mahali pa kulisimamisha, na halisimami.

Mama yako alikuwa na mahindi kidogo aliyopewa na jirani. Aliweka ungo kati yetu. Askofu Mkuu akachukua hindi akaanza kupukuchua, punje zinaruka chini. Tulipukuchua sote watatu. Baadaye sana mama yako, bila kuinua macho, alisema, "Alikuwa amevaa lile shati la bluu." Basi. Neno hilo moja. Askofu Mkuu alifungua mdomo. Nilijua anachotaka kuuliza, maana nilimsikia akikiuliza jikoni kwa watu miaka mingi. Hakikutoka. Aliendelea na hindi lake, na mama yako akaendelea na lake, na ungo ukajaa.

Alirudi mara nyingi baada ya hapo. Alikwenda kila ofisi. Kila alipofika walimsomea maneno yake mwenyewe: wewe Baba Askofu ndiye uliyetuambia hakuna aliyesema. Alisema kweli siku ile, na ile kweli ikawa kufuli. Mahubiri yake ya miaka ya mwisho yalikuwa makali, watu wa jimbo lake walimpenda kwa ajili hiyo, na wewe ulikuwa ukiyasikiliza redioni umekaza macho. Mimi niliyasikia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyokwisha kuhamwa. Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyerudi Cheptais kwa sababu ya mahubiri hayo. Mzee Wepukhulu yuko hapa nyuma ya stendi, anauza makaa, amepofuka jicho moja.

Nilikwenda kumzika Askofu Mkuu. Unajua, ulikuwa nami. Lakini ulikuwa unatazama maaskofu na kwaya, mimi nilikuwa nawahesabu wasemaji. Walisema mpaka jua likageuka. Hata yule aliyekuwa mkuu wa wilaya alisema, sasa ana cheo kikubwa zaidi, akamwita mtu wa amani. Kisha wakamshusha. Hapakuwa na kumuse. Isingekuwepo, maana husemwa kwa mwenye wajukuu, na yeye hakuwa na mtoto. Niliporudi nilimweleza Mzee Wepukhulu. Akauliza, "Na huyo wako anakwenda huko huko?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupanga makopo yake ya makaa.

Kwa hiyo unaponiambia unataka kuwa kama yeye, mwanangu, sijui unamtaja nani. Kama ni yule mwenye joho aliyesimama langoni na kubariki malori, wako wengi, na seminari itakufundisha vizuri. Kama ni yule wa jikoni mwenye ungo, yule hakufundishwa na mtu, na hata yeye alimpoteza siku tuliyomhitaji. Sina shauri la kukupa juu ya hilo. Nikisema ukae chini kila wakati, kuna siku watu watakuhitaji usimame. Nikisema ujifunze desturi za kwenu, kwenu ni wapi sasa? Utapelekwa Bungoma, utapelekwa mbali, utasimama mbele ya watu walionyamaza, nawe utalazimika kuamua ni ukimya gani ule. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, nikakosea. Na yeye alikuwa bora kuliko wote niliowajua.

Sidhani tutarudi juu. Sidhani upadri wako utamrudisha mtu. Nimekaa hapa Kitale nikiutazama mlima ule ule kutoka upande mwingine, na siku za mvua ya asubuhi, mawingu yakiondoka, unaonekana wazi kabisa, ndipo ninapoukwepa zaidi. Ningependa kukuandikia kwamba kuna faida katika haya yote. Nimeitafuta vitabuni na sikuiona. Ukiiona wewe, niandikie.

Mama yako amemaliza kupiga pasi. Amezima jiko na ananiambia taa inamaliza mafuta.

Wazazi wengine hufunga barua kama hii kwa baraka. Mimi nimeona baraka yenye maneno mazuri ilivyotufunga, na sitaki hii iwe kumuse yako wala yangu. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kesho asubuhi, kabla hujabeba sanduku, utakuta ungo wa mahindi mlangoni. Sijauweka hapo kwa ajili ya ugali. Keti. Usinitazame, tazama hindi lako. Nitaanza na lile shati la bluu, kwa sababu mama yako ameshalianza. Sijui nitafika wapi. Nikinyamaza, usiinuke, usinishukuru, usidhani nimemaliza. Chukua hindi jingine, uniulize.

Na kama utakuwa umechelewa, basi nenda. Lakini geuka nyuma.

Baba yako